Koti la Bwana Kimeu

Benchi la wageni la Mamlaka ya Mito na Mchanga lilikuwa na sifa zake mjini Machakos. Watu walisema ukilikalia asubuhi na shida yako, jioni utateremka nayo ngazi vilevile, umeongezewa maumivu ya mgongo. Inspekta Firdaus Othman alikuwa amelikalia Alhamisi hiyo tangu ofisi zilipofunguliwa, mkoba mapajani, mtandio umefungwa barabara, akimtazama karani akipaka kucha rangi.

"Bwana Kimeu yuko?" aliuliza kwa mara nyingine.

"Yuko, Madam." Karani huyo, Tracy, msichana wa Mavoko aliyeletwa huku na kazi na ambaye hakuficha kwamba mji umemchosha, hakuinua macho. "Yuko area."

"Area gani?"

"Si unaona koti?"

Mlango wa bosi uliachwa wazi makusudi. Ndani kulikuwa na meza pana, bendera ndogo, na kiti kikubwa cha kuzunguka. Mgongoni mwa kiti lilitundikwa koti la kijivu lenye mistari, mabega yamekaa sawasawa kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Firdaus hakubisha. Alizaliwa mtaa wa Majengo, kwenye nyumba ya mama yake, Mwanatumu, ambayo haikukosa wageni tangu chai ya asubuhi hadi ya usiku, na kwenye baraza ile alikuwa amesikia kila hila ya wafanyakazi wa serikali. Hii ya koti ilikuwa ya kale. Mtu anafika, anatundika koti, anatoka kwenda kwenye shamba lake, au kwenye baa yake, au kwa mwanamke wake, na mchana kutwa wageni wanaambiwa yuko.

Kwa hiyo alingoja. Na alikuwa na sababu ya kungoja, maana kesho yake Ijumaa asubuhi kijana mmoja aitwaye Kyalo angepelekwa kortini kusomewa shtaka la mauaji, na mauaji ni kesi ya kitanzi.

Mambo yalikuwa hivi. Jumanne jioni, mwanamke aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya soko la Kyumbi aliuona mwili korongoni. Ulikuwa wa Laban Maundu, askari wa mito wa Mamlaka, kichwa kimepasuliwa. Kando yake palikuwa na beleshi, na kwenye mpini wake herufi KY zilizochomwa kwa msumari wa moto. Kyalo, mpakia mchanga wa Muthetheni, alikuwa amepigana na Laban mtoni Jumapili, na baadaye soko zima lilimsikia akimwapiza. Kabla watu hawajalala, Kyalo alikuwa seli. Afande Ndambuki, mkuu wa upelelezi wa wilaya, aliifunga faili kwa kofi la mkono na kusema hiyo imeisha.

Lakini Firdaus ndiye aliyeukagua mwili. Laban alikuwa amevaa suti ya kanisani na tai. Mtu havai tai kwenda kupigana korongoni. Laban alikuwa amesimama njia panda ya Kyumbi akisubiri gari la Mamlaka limpeleke Nairobi alale huko, ili Jumatano asubuhi akaongee mbele ya kamati ya Bunge. Angewaeleza waheshimiwa ni malori ya nani yanayozoa mchanga usiku. Gari halikuja. Dereva alisema aliambiwa asiende. Na aliyemwambia ni bwana wa dawati la Bunge, Jeremiah Kimeu, mwenye kazi ya kupeleka miswada, kumwandikia waziri majibu na kuwasafirisha mashahidi.

Firdaus alinyanyuka kunyoosha miguu. Chini ya ngazi kulikuwa na kijichumba chenye mlango wa wavu na kufuli kubwa. Ndani yake mabeleshi yalikuwa yamelundikana kama kuni. Aliinama. Kila mpini ulikuwa na alama: msalaba, nyota, MU.

"Haya ni ya nani?" aliuliza.

"Ya wale wezi wa mchanga," Tracy alijibu. "Askari wakiwashika kwa mto, wananyang'anya. Bosi alisema yatapelekwa Bunge, waheshimiwa waone."

"Nani yuko na funguo?"

"Bosi. Hiyo hata mimi sigusi."

"Na nikitaka kuingia?"

"Utauliza bosi. Si nimekwambia yuko?"

Bosi alitokea wakati huohuo, lakini kutoka upande wa barabarani. Alipanda ngazi akihema, shati limelowa kwapani, kijiti cha meno mdomoni. Alimwona Firdaus, akampita, akaingia ofisini, akavaa koti, akaketi. Ndipo akasema, "Mwambie huyo mama aingie."

Firdaus aliingia na kuvuta kiti bila kukaribishwa.

"Wewe ndio ulitumwa?" Kimeu alimpima juu mpaka chini. "Mimi nilimwambia Ndambuki kama kuna swali aje mwenyewe, tunywe chai, tumalize."

"Afande Ndambuki ana kazi nyingi."

"Na wewe huna. Wewe ni wa yule mama wa mahamri wa Majengo, sivyo? Mwanatumu. Tulikuwa tunakula mahamri yenu tukienda shule. Sasa mmefika polisi."

"Tumefika, Bwana Kimeu. Jumanne ulimzuia dereva asimchukue Laban. Kwa nini?"

"Kwa sababu kamati iliahirisha kikao. Kamati za Bunge zinaahirisha kila siku, hiyo ungeijua kama kazi yako ingekuwa zaidi ya kushika walevi."

"Laban ulimwambia?"

"Simu yake ilikuwa haipatikani. Huko kwao hakuna network."

"Na wewe mwenyewe Jumanne alasiri ulikuwa wapi?"

Kimeu alitabasamu kwa mara ya kwanza, akakitoa kile kijiti cha meno mdomoni.

"Bungeni. Mswada wetu ulikuwa unasomwa mara ya pili. Nilikaa kwa viti vya maafisa, pale pembeni ukumbini, nikimpitishia waziri vikaratasi, mpaka Spika akainuka. Andika. Au nikuandikie?"

"Naandika. Mtu yeyote anaweza kuingia pale?"

"Mtu yeyote." Alicheka kwa pua. "Mama, pale hata katibu wa wizara akija bila koti na tai, wale askari wa mlango wanamrudisha nje kama mtoto wa shule. Nimeona kwa macho yangu. Na si koti tu, lazima uwe na pasi ya Bunge." Alifungua koti upande wa kushoto. Ndani, juu ya mfuko, kadi ilikuwa imebanwa kwa pini ya kufuli iliyoanza kushika kutu. "Hii haijatoka hapa tangu nipewe. Hii koti imekaa nyuma ya mawaziri watatu. Ya kwangu nyingine ni ya mazishi. Kwa Bunge ni hii."

"Ni nzuri," Firdaus alisema.

"Haiuzwi Majengo."

Firdaus aliangalia mikono ya koti. Mkono wa kulia ulikuwa na vifungo vyeusi vitatu. Wa kushoto ulikuwa na vyeusi viwili na kimoja cha shaba, cha kupachikwa.

"Beleshi la Kyalo," alisema akiwa tayari amesimama, "Laban alilichukua lini?"

"Beleshi lipi?"

"Lile walilopigania."

"Mimi sijui mambo ya mabeleshi." Kimeu alilifungua gazeti. "Tracy, mwonyeshe mama njia. Na wewe, mwambie Ndambuki nitakuja leo saa ya chai kuandika hiyo statement, nimsaidie kufunga hii maneno."

*

Kituoni, Firdaus alipiga simu Nairobi. Sauti ya mwanamume aliyechoka ilimwambia kwamba habari ya nani aliingia ukumbini huombwa kwa barua kwa Karani wa Bunge, na barua hujibiwa kwa zamu. Labda wiki ijayo. Firdaus aliuliza kama kuna njia ya haraka. Sauti ikasema njia ya haraka ndiyo hiyo.

Afande Ndambuki alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Unatafuta nini Bungeni?" aliuliza.

"Shahidi, Afande."

"Shahidi niko naye. Niko na beleshi, niko na kijana aliyeapa mbele ya soko nzima. Kesho nampeleka. Wewe Firdaus, uko na ugonjwa wa maswali. Kuna kituo kule Tana River wanahitaji mtu wa maswali."

"Afande, Kyalo alipigana na Laban kwa sababu gani?"

"Laban alimnyang'anya beleshi."

"Jumapili."

"Jumapili, ndio."

"Basi Jumanne alimwua kwa beleshi lipi?"

Ndambuki alisema kwa ukali kwamba pengine aliliiba tena, na wezi huiba, na akaenda zake akiubamiza mlango.

Kwenye benchi la nje, chini ya picha za watu wanaotafutwa, alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, leso mbili mabegani, kiondo miguuni. Hakuwa ameondoka hapo tangu Jumatano. Huyu alikuwa Kamanthe, mama yake Kyalo. Kila askari aliyepita alimtupia jicho la kumchoka, naye aliwarudishia lile la kuwachukia.

Firdaus alikaa kando yake. "Mwaitu, umekula?"

"Usiniite mama yako. Mama yako mtoto wake hayuko huko ndani."

"Kyalo ananiambia Jumanne alikuwa Kyumbi anatafuta kibarua cha kupakua saruji. Kuna mtu alimwona?"

"Mmeniuliza hiyo mara mingapi? Walikuwa vijana wengi, kibarua hakuna, wakakaa. Nani anaangalia kijana amekaa?" Kamanthe alisogea mbali kidogo. "Angekuja na sisi, mungesema nini? Nilimwambia twende pamoja. Akasema kwa hiyo ofisi hatakanyaga, atapigana tena."

"Ofisi gani?"

"Si hiyo ya mchanga. Tulikuja watu wa Muthetheni, wamama na wazee, gari mzima. Tulikuja kuomba mabeleshi yetu. Watoto wanakula na hiyo chuma, sasa imefungiwa chini ya ngazi kama mbuzi ya mwizi."

Firdaus alikuwa anataka kuinuka. Akakaa tena.

"Hiyo ilikuwa Jumanne?"

"Jumanne. Asubuhi mpaka hao wasichana wanafunga dirisha."

"Mlimwona Bwana Kimeu?"

"Tulimwona wapi? Tuliona koti." Kamanthe alitema neno hilo kama kokwa. "Yule msichana wa kucha anasema yuko, ametoka kidogo. Asubuhi, ametoka kidogo. Saa ya chakula, ametoka kidogo. Sisi tunaangalia koti, koti inatuangalia. Mzee mmoja kwetu akasema, huyu koti ni mpole kuliko mwenyewe, tumpe yeye maombi yetu. Tukacheka. Hatukujua huku nyuma kunafanyika nini."

"Ilikuwa koti gani?"

"Ya mistari. Kijivu."

"Kuna nyingi za hivyo."

"Nyingi, lakini hii mimi ninaijua. Mimi nashona, mwana wakwa. Siku nzima sina kitu ya kuangalia, nikaangalia vile imeshonwa. Mkono mmoja wamebadilisha kifungo, wakaweka ya dhahabu na uzi nyeupe. Fundi mbaya."

"Mkono upi?"

Kamanthe aliinua mkono wake wa kushoto, akaugonga kwenye kifundo.

"Na jioni, mlipoondoka?"

"Ilikuwa hapo. Tukaiaga."

Firdaus alifungua kiondo cha miguuni bila kuomba ruhusa, akaona hakuna kitu ndani ila shati safi la mwanamume, lililokunjwa kwa ajili ya korti. Akakifunga polepole. Kisha akamwita sajenti wa zamu, akamwambia apande pikipiki aende Mamlaka, amlete Tracy kuandika maelezo, na wasipitie popote.

*

Saa ya chai ilipofika, Kimeu alikuwa tayari ofisini kwa Ndambuki, kikombe mkononi, koti mwilini, wakizungumza habari za bei ya viwanja vya Kinanie. Firdaus aliingia na Tracy nyuma yake. Kimeu alimwona karani wake, akaweka kikombe chini.

"Huyu anafanya nini hapa? Nani ako kwa ofisi?"

"Maelezo mafupi tu," Firdaus alisema. "Tracy, keti. Afande ana swali moja."

Ndambuki hakuwa na swali lolote. Alimtazama Firdaus kwa macho yaliyoahidi Tana River. Firdaus akauliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Jumanne alasiri bosi wako alikuwa wapi?"

Tracy hakumeza hata mate. Swali hilo aliulizwa kila siku na madiwani, na wadai, na mke wa bosi. Jibu lilikuwa ulimini.

"Alikuwa ofisini, Madam. Alitoka kidogo tu. Koti ilikuwa hapo."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Hata wale watu wa Muthetheni waliiona. Mimi siwezi danganya polisi."

Kimeu alikuwa amegeuka na kumkodolea macho, na Tracy alikuwa akitabasamu kama mtu anayengojea asante.

"Huyu msichana hana akili," Kimeu alisema. "Ndambuki, huyu alianza kazi juzi. Nilikuwa Bunge."

"Bila koti?" Firdaus aliuliza.

"Niliazima."

"Ya nani?"

"Mtu. Pale Nairobi."

"Na pasi pia uliazima? Asubuhi ulinionyesha. Umeibana kwa pini ya kufuli, haijatoka hapo tangu upewe. Pini imeshika kutu, ulitaka niione. Koti lilikuwa Machakos, pasi ilikuwa ndani ya koti. Wewe ukaingia Bunge na shati na mikono mitupu, wakakuketisha nyuma ya waziri. Wale wale wanaomrudisha katibu wa wizara."

"Nilikuwa na koti ingine."

"Ya mazishi. Uliniambia kwa Bunge ni hii. Hili lenye kifungo cha shaba, kimeshonwa kwa uzi mweupe. Watu gari zima la Muthetheni walikaa wakilitazama mpaka jioni. Ukitaka nitawaleta wote, wapange foleni hapa uani."

Ndambuki aliinamia mkono wa kushoto wa rafiki yake. Alikitazama kile kifungo, na uzi wake, kwa muda.

"Firdaus," alisema polepole, "endelea."

"Asubuhi alitundika koti ili aonekane ofisini, kama siku zote. Akaenda Kyumbi na gari lake. Laban alimwona akisimama, akafurahi, kwani gari la kumpeleka Nairobi si ndilo hili limekuja na bosi mwenyewe? Akapanda na tai yake. Jioni Bwana Kimeu alirudi kuchukua koti, akaambiwa kulikuwa na umati benchini tangu asubuhi, na kila mmoja anaweza kuapa hakumwona. Ofisi ikawa haimfai tena. Akahamia Bungeni, kwa sababu mswada kweli ulisomwa siku hiyo. Akasahau kitu kimoja, kwamba koti la Bunge ni moja, haliwezi kukaa Machakos na Nairobi kwa wakati mmoja."

"Na beleshi?" Ndambuki aliuliza.

"Laban alilichukua Jumapili, likafungiwa chini ya ngazi. Tracy, funguo ya kijichumba iko na nani?"

Tracy sasa alikuwa ameelewa kwamba asante haitakuja. Aliangalia kucha zake.

"Ni bosi peke yake," alisema.

Kimeu aliinuka. "Mnajua ni nani nitampigia simu? Mimi nimeandikia mawaziri maneno ya kusema. Wewe mtoto wa mahamri, kesho utakuwa unachoma maandazi na mama yako. Kwa sababu ya yule askari wa mito? Alikuwa anaenda kusimama mbele ya waheshimiwa, na Kizungu chake cha darasa la saba, ataje namba za malori kama anasoma Biblia. Malori ya watu. Nilimwambia mara mbili anyamaze. Mara mbili nilimwambia, hata pale kwa gari..."

Akakoma.

Ndambuki alisogeza kikombe cha chai mbali na ukingo wa meza, taratibu, kama mtu anayepanga vitu kabla ya mgeni kuondoka.

"Gari gani, Jeremiah?" aliuliza.

*

Kituoni kuna taratibu zake, uwe waziri au mpakia mchanga. Mshipi unatoka, kamba za viatu zinatoka, koti linatoka. Sajenti wa zamu alimvua Kimeu vyote hivyo, akavihesabu kwa sauti, akamshika kiwiko akampeleka nyuma. Mlango wa chuma ukalia. Koti hakuwa na mahali pa kuliweka, akalitundika mgongoni mwa kiti cha kaunta.

Kyalo alitokea muda si mrefu baadaye, peku, macho yamevimba, akiwa amebeba viatu vyake kama anaogopa kwamba akisimama kuvivaa watabadilisha nia. Kamanthe hakulia. Alimpa lile shati la korti, akamwambia avae, nje kuna baridi. Kyalo akauliza beleshi lake.

"Hilo ni kielelezo," Firdaus alimwambia. "Litakaa kwanza."

"Litakaa mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

"Kwa hivyo bado mnalo," Kyalo alisema, na hakumwangalia tena.

Wakati huo mlango wa mbele ulifunguliwa. Aliingia mwanamume mnene mwenye funguo za gari kidoleni, mtu wa malori kwa mwonekano wake, akihema. Alizungusha macho kaunta.

"Nimeambiwa Jeremiah Kimeu ako hapa. Yuko?"

Sajenti alikuwa akiandika na hakusikia. Firdaus alivuta kalamu yake na kuanza kumtazama mgeni huyo kwa makini, kuanzia funguo. Lakini Kamanthe alikuwa amefika karibu zaidi. Aligeukia kiti, akauinua ule mkono wa kushoto wa koti, akaung'oa uzi mweupe uliokuwa umening'inia, akauachilia.

"Yuko," alimwambia yule mtu. "Jumanne tuliambiwa yuko, tukangoja. Leo kaa, wewe pia ungoje. Leo yuko kweli."